Gari Lililotoka Bila Kuonjwa

Tairi lilitua mbele ya kibanda cha fundi Odeke saa tatu asubuhi, siku ya Jumatano, na watu waliokuwa wakinywa chai upande wa pili wa barabara wakashusha vikombe. Selpher Aluoch ndiye aliyelitupa. Alilitoa nyuma ya Landrova yake kwa mikono yake mwenyewe, mama wa miaka arobaini na mitano, leso kiunoni, akaliviringisha hatua tatu kisha akaliachia lianguke ubavu miguuni pa fundi.

"Siku kumi na mbili," alisema. "Hesabu vizuri, fundi. Siku kumi na mbili tangu uniwekee hiyo ekseli, na tairi ilikuwa mpya."

Odeke alilitazama. Kwa nje halikuwa na neno, meno yake yalisimama vizuri kabisa. Akainama alishike, na hapo Selpher akaligeuza kwa mguu. Upande wa ndani ulikuwa umelika wote. Nyuzi zilikuwa nje, na mahali pamoja palikuwa na tundu la kupitisha kidole gumba.

"Na ile ya upande wa pili ni dada yake," Selpher akasema. "Hii imenipasukia pale Adungosi nikiwa na samaki wa watu, ngege wabichi. Ngege inajua kungoja, fundi?"

Sisi watu wa Malaba tuna ugonjwa mmoja. Mwenzetu akiaibishwa, chai yetu hupata sukari. Hakuna aliyeondoka pale kibandani kwa chai. Hata madereva wa trela waliokuwa wakingojea karatasi zao za forodha walivuka barabara kuja kutazama, na mwanamke mmoja mwenye debe la mafuta ya taa kichwani alisimama nalo vivyo hivyo, shingo imekaza, mpaka mambo yakaisha.

"Barabara ni mbaya, mama," Odeke alisema. "Wewe mwenyewe unajua kutoka Sio Port mpaka hapa ni mawe matupu."

"Barabara ni ile ile nimepita miaka sita. Haijawahi kula tairi kwa ndani." Selpher alijifuta mikono kwa leso. "Nimepitia kwa Owiti wa Busia. Ameinama akaangalia, akaniuliza swali moja. Kama ulipima alaimenti baada ya kubadilisha ekseli. Nikamwambia sijui. Sasa nakuuliza wewe. Ulipima?"

Mtu asiyejua magari na ajue hivi: alaimenti ni kuhakikisha kwamba magurudumu mawili ya mbele yanatazama njia moja. Yasipoelewana, kila moja huvuta kwake, na anayeumia ni tairi.

"Haikuhitaji," Odeke alisema. "Ekseli nilitoa nzima kwa Landrova ile ya kampuni ya barabara iliyokufa kule Amukura. Ilikuja na hab zake, na rodi zake, kila kitu. Vitu vimezaliwa pamoja, utapima cha nini?"

"Kwa hivyo haukupima."

"Nimekuambia haikuhitaji, mama."

Selpher aliitikia kwa kichwa kama mtu aliyesikia bei na kuikubali. Alikuwa amejifunza kuendesha gari kwa marehemu mumewe, na tangu siku ya mazishi hajawahi kumpa mwanamume mwingine ufunguo, isipokuwa fundi. Samaki aliwachukua ziwani, akawauza Busia, Alupe, Adungosi na Malaba, na neno lake lilifika kila mahali samaki wake walipofika. Odeke alilijua hilo. Hakuwa na cheti cha ufundi ukutani. Alichokuwa nacho ni jina, kwamba gari likitoka kwa Odeke limetoka. Selpher akisema jina hilo limeoza, madereva wangepeleka magari yao Busia kwa Owiti, kijana aliyeleta mashine kutoka Nairobi, na Odeke angerudi Amukura kupalilia pamba kwenye shamba la kaka yake akiwa na umri wa miaka arobaini na moja.

"Basi sikia," Selpher akasema, na sauti yake iliwafikia mpaka wenye chai. "Gari nakuachia, nimefika na spea mbovu, sina tairi ya kutembelea. Tafuta tairi mbili za kuazima. Jumamosi tunaenda kwa mashine ya Owiti mbele ya watu. Mashine ikisema gari iko sawa, nitakuomba msamaha pale pale, na nitaambia kila dereva kwamba nilikosea. Ikisema imepinda, unaninunulia tairi mbili mpya, na hiyo pia nitasema. Na Mama Adeke aje. Nataka mtu mmoja ambaye hajui kudanganya."

Mama Adeke, ndiye Amongin mke wa fundi, alikuwa mlangoni na ungo wa wimbi. Aliendelea kupepeta.

Hapa sharti nieleze jambo, maana mtu wa mbali atashangaa. Odeke alikuwa hatoi gari kabla halijaonjwa. Ndivyo alivyosema mwenyewe, kuonja. Mpishi hawaandalii wageni mchuzi ambao hajauweka ulimini, na yeye hakumpa mtu gari ambalo mkewe hajalikalia. Kazi ikiisha, Amongin hupanda kiti cha mbele na sufuria ya maji magotini, imejaa mpaka vidole viwili kutoka ukingoni, na Odeke huendesha hadi Amagoro na kurudi. Amongin hatazami barabara. Hutazama maji. Yakilala upande mmoja, springi imechoka. Yakitetemeka kidogo kidogo, gurudumu lina shida. Yakiruka mbele kwa pembe, breki inashika mguu mmoja na kuacha mwingine. Miaka tisa aliyaonja magari ya watu, akakosea mara mbili tu, na mara zote mbili alikuwa na homa.

Sasa mwezi uliotangulia, dereva mmoja wa trela, bwana wa Mombasa mwenye maneno, alimwona Amongin akishuka na sufuria yake na kumwambia mumewe, "Gurudumu la kushoto, rudia." Yule bwana alicheka mpaka akashika bampa. "Kumbe huku Malaba spana anashika mume, akili anashika mke," alisema. "Fundi Sufuria!" Jina likashika. Watoto waliotoka shule waliliimba. Karani wa forodha, mtu mzima mwenye tai, alilitumia akiagiza springi. Odeke alicheka pamoja nao, lakini kila usiku alilirudia kichwani.

Ndipo Landrova ya Selpher ilipoletwa, ikivutwa na lori la pamba, ekseli ya mbele imevunjika kwenye daraja la miti huko Sigalame. Odeke aliibadilisha kwa siku tatu. Amongin alipotoka jikoni na sufuria yake ya maji, alikuta watu wamejaa, na mumewe akamwambia mbele yao, "Hiyo rudisha. Ekseli ni mfupa. Mfupa hauonjwi." Amongin aliumwagia mche wa mpapai maji yale akarudi ndani. Gari likatoka bila kuonjwa, la kwanza kwa miaka tisa, na leo tairi lake lilikuwa mlangoni.

Mchana ule Amongin aliandaa ugali wa wimbi na kunde. Odeke alinawa, akamega tonge, akalishika tu.

"Ilikuwa inasugua," Amongin alisema.

"Nini?"

"Ile gari. Siku ilitoka hapa. Nilisikia nikiwa jikoni. Ilikuwa inasugua barabara kama mtu anaburuta ndala."

Odeke aliweka tonge chini. "Na ukanyamaza."

"Ulisema mfupa hauonjwi."

"Ungesema, Mama Adeke."

"Ningesema mbele ya nani? Mbele ya wale walikuwa wanacheka?" Alimsogezea kunde. "Uliniambia nirudishe sufuria, nikarudisha. Mimi ni mke mwenye adabu."

Alilisema bila kutabasamu na bila kupandisha sauti, na Odeke akaona afadhali angelitupiwa tairi la pili. Hakuna hasira chungu kama ya mtu aliyekosea mbele ya mtu aliyejua. Alisimama bila kula, akasema kunde zina chumvi nyingi, jambo ambalo halikuwa kweli, akatoka kwenda kwa Wabwire mwenye duka, aliyekuwa na Landrova mbovu nyuma ya ghala lake, kuazima matairi. Wabwire alimpa. Alimpa pia ushauri asioombwa, kwamba mtu akiona ameshindwa ajishushe mapema, na Odeke alibeba matairi yale mawili, moja kila bega, akaenda zake.

Alhamisi asubuhi alilisukuma gari nyuma ya nyumba, ndani ya ua wa mitupa, mahali ambapo wenye chai wasingemwona. Alikuwa bado anajiambia kwamba anapima ili apate ushahidi dhidi ya Owiti.

Aliinua gurudumu moja kwa jeki, akalizungusha huku ameegemeza chaki kwenye kigogo kilichotulia, ikigusa tairi, mpaka mstari mwembamba ukalizunguka tairi lote katikati. Akafanya hivyo upande wa pili. Akalishusha gari, akalisukuma kidogo ili likae kawaida yake. Kisha akakata ufito wa mkaratusi. Ufito unashikwa na watu wawili, huyu kwenye mstari huu na yule kwenye mstari ule, na hapo akawa hana budi. Alimwita mkewe.

Amongin alikuja na mikono ya unga. Alichuchumaa mbele ya gurudumu la kushoto, Odeke la kulia, wakauweka ufito usawa wa katikati ya gurudumu. Odeke akaukata mwisho na kisu ukakaa sawasawa kati ya mistari miwili. Kisha wakaingia chini, wakaupeleka nyuma ya magurudumu yale yale. Ukigusa mistari vile vile, au ukabakiza uwazi kiasi cha unene wa shilingi, gari ni zima.

Nyuma ufito haukuingia. Ulizidi kwa upana wa kidole.

"Labda umeshika vibaya," Odeke alisema.

Amongin aliushika tena. Ulizidi kwa upana wa kidole.

Odeke alilala chini ya gari na kitambaa cha mafuta ya taa, akaifuta ile rodi ndefu inayoshikanisha magurudumu mawili ya mbele, ile inayopita nyuma ya ekseli. Matope ya kampuni ya barabara yalikuwa bado yameganda. Yalipotoka, akaona. Rodi iliwahi kupinda, mtu fulani akainyosha kwa nyundo, na ikinyoshwa hivyo hairudii urefu wake. Alama za nyundo zilikuwa pale, tatu, zimepangana. Alikuwa ameibeba rodi ile begani kutoka Amukura hadi Malaba na hakuifuta.

Amongin aliiona miguu yake tu.

"Imepinda?" aliuliza.

"Imepinda."

"Nani alipindisha?"

"Si mimi," Odeke alisema. Kisha, akijivuta kutoka chini ya gari, "Lakini mimi ndiye nilifunga."

Jambo lililomuuma zaidi ni kwamba rodi nzima ya Selpher, ile iliyotoka na ekseli iliyovunjika, ilikuwa hapo hapo uani kwenye chuma chakavu, na Amongin alikuwa akianikia matambara juu yake. Waliyaondoa. Odeke aliikagua kwa jicho, akaizungusha juu ya jiwe bapa, haikuwa na kosa. Aliifunga. Akalegeza na kukaza, wakashika ufito mara sita, mara saba, yeye kulia na mkewe kushoto, mpaka mbele pakawa pamesogeleana kuliko nyuma kwa unene wa shilingi moja, kama inavyotakiwa. Jua lilikuwa limepita utosini. Kisha alikwenda jikoni mwenyewe, akajaza sufuria, akamletea.

"Onja," alisema.

Walipitia njia ya nyuma, ile ya kwenda shuleni, kwa sababu Odeke hakutaka kuonekana. Maji yalitikisika kwenye mashimo kama maji yoyote, lakini palipokuwa pazuri yalilala. Amongin hakuinua uso mpaka waliporudi uani.

"Iko sawa," alisema. "Hii hata mtoto analala."

Odeke akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu Jumatano. Alikaa pale kwenye usukani, injini imezimwa, akahesabu mambo kichwani.

"Basi Jumamosi mashine itasema ni sawa," alisema.

"Itasema."

"Na Mama Selpher ataniomba msamaha."

"Ataomba. Huyo ni mtu wa neno lake." Amongin alimtazama. "Na wewe utasema nini?"

"Nitamwambia nimemsamehe."

Amongin aliyamwaga maji dirishani taratibu.

"Sasa unaniangalia hivyo kwa nini?" Odeke akasema. "Nani amedanganya? Gari si iko sawa? Ameuliza habari ya Jumamosi, hajauliza ya leo. Mama Adeke, tazama pale." Alionyesha ukutani mwa nyumba, palipoegemezwa mabati kumi na manne, yamefungwa kwa kamba ya katani. Yalikuwa ya miaka miwili ya springi na breki. "Tairi mbili za Landrova ni hizo bati. Unataka tulale chini ya nyasi mwaka mwingine?"

"Nyasi nimezoea."

"Na jina je? Akisema kule sokoni, nani ataleta gari hapa?"

Amongin alifungua mlango lakini hakushuka. Aliongea akitazama sufuria tupu.

"Baba Adeke, hiyo sufuria unafikiri ndiyo inajua magari? Nilikuwa nakaa mle ndani, breki imefungwa juzi, rodi imefungwa jana, nina mimba ya Adeke, nina mimba ya mdogo wake, na sikuogopa hata siku moja. Nilikuwa najua fundi hawezi kuniweka ndani ya kitu ambacho yeye mwenyewe hakiamini. Wale wanawake wengine waume zao wana ng'ombe. Mimi nilikuwa najivunia hiyo." Akashuka. "Wewe amua. Mimi nitakuja Jumamosi kwa sababu nimeitwa."

Odeke alibaki ndani ya gari. Alikuwa na jibu, tena zuri, lakini hakuwa na mtu wa kumwambia.

Jumamosi Busia ilifurika kama kawaida yake. Wafanyabiashara wa ng'ambo ya mpaka walikuwa wamevuka na ndizi zao, wakirudi na sabuni na chumvi, kila mtu akimwita mwenzake ssebo, yaani bwana. Gereji ya Owiti ilikuwa Burumba, sakafu ya saruji iliyofagiwa, na yeye mwenyewe alivaa ovaroli safi yenye kalamu mfukoni. Tumtendee haki, hakuwa mtu mbaya. Alimwamkia Odeke kwa mikono miwili, akamwita mzee.

Mashine ilikuwa mikono miwili ya chuma yenye vioo na sindano katikati. Owiti aliifunga kwenye magurudumu. Watu walikuwa wameshajaa, wengine wamepanda juu ya mapipa, kwa kuwa Selpher alikuwa ametangaza tangu alfajiri kila alipouza samaki. Alisimama mbele kabisa, leso imekazwa. Amongin alisimama kando na sufuria yake chini ya kwapa, maana aliambiwa aje, na yeye kwenye gari haendi bila sufuria. Odeke alikuwa kati yao, shati lake la kanisani limefungwa hadi kifungo cha shingo.

Owiti aliinama akatazama sindano. Akafuta kioo kwa kitambaa, akatazama tena. Akazunguka upande wa pili.

"Iko sawa," alisema.

"Sawa namna gani?" Selpher aliuliza.

"Sawa, mama. Ile ya kitabu. Mimi mwenyewe sijui kama ningeifikisha hapo."

Umati ukanung'unika. Mtu mmoja alipiga mluzi. Owiti alikuwa ametahayari, na alijikuna shingo kwa ile kalamu. Lakini macho yote yalikuwa kwa Selpher, na Selpher, ambaye tangu mumewe afe hajamwinamia mtu, alishusha pumzi na kusogea mbele.

"Mimi nilitoa neno langu," alisema. "Fundi Odeke, mbele ya hawa watu, nilikutupia tairi mlangoni pako, mke wako akiona. Nilisema..."

Odeke aliiona mikono yake. Ilikuwa na makovu ya miba ya samaki, imekunjwa mbele ya leso kama mikono ya msichana anayesomewa makosa yake. Alimtafuta Amongin kwa macho. Amongin hakuwa akimtazama. Alikuwa ameishika sufuria kwa mikono miwili na kuitazama ndani kana kwamba ina maji. Odeke aliona haya, haya ya kweli, si ile ya kuchekwa. Alifungua kile kifungo cha shingo.

"Mama, ngoja," alisema. "Usimalize."

Selpher akaikunjua mikono.

"Siku ulipokuja kwangu gari ilikuwa imepinda. Upana wa kidole. Nimenyosha juzi Alhamisi." Sauti yake haikuwa kubwa, lakini watu wa nyuma waliwanyamazisha wenzao. "Ukibadilisha ekseli ya mbele lazima upime. Hata kama imekuja nzima, hata kama imetoka kiwandani jana, unapima, kwa sababu hujui huko ilikotoka iligonga nini. Rodi ilikuwa imenyoshwa na nyundo. Kuifuta tu ningeona. Sikufuta. Owiti aliuliza swali la haki, na mimi nilijibu kwa kiburi. Tairi zako mbili nitanunua."

"Umenyosha na nini, mzee?" Owiti aliuliza. Hakuwa anadhihaki, alitaka kujua.

"Ufito na chaki. Na mke wangu."

"Mke wako?"

"Huyo pale. Miaka tisa gari yangu haitoki kabla yeye hajaikalia na sufuria ya maji. Anajua kuliko mimi. Hii ya Mama Selpher nilimkataza kuionja, kwa sababu watu walinicheka."

"Fundi Sufuria ndiye huyo," sauti ikasema kutoka juu ya mapipa, na kicheko kikaanza.

Odeke aligeuka akamtafuta mwenye sauti mpaka akamwona.

"Ndiye mimi," alisema. "Ukiwa na gari, leta."

Kicheko kilikatika njiani. Owiti alikuwa amechuchumaa tena mbele ya sindano yake, akitikisa kichwa. "Kwa ufito," alijisemea. Kisha akamwambia Odeke, "Mzee, hii mashine imekula nusu ya shamba la baba yangu."

Selpher alikuwa bado amesimama pale pale. Alionekana mtu aliyenyang'anywa kitu na kurudishiwa kingine asichokijua.

"Sasa mimi nitasema nini kwa watu?" aliuliza. "Nilipanga maneno ya aina mbili. Hii ya tatu sikupanga."

"Sema vile ilivyo, mama."

"Nitasema vile ilivyo. Nitasema Odeke aliniharibia gari, na mashine ikamtetea, na akaikatalia mashine." Alilipima lile neno mdomoni. "Na tairi nitapokea zote mbili. Usifikiri nitakuachia hata moja."

"Sikuomba uniachie."

"Hiyo ni sawa," Selpher alisema, na akampa mkono. Kisha alimgeukia Amongin. "Mama Adeke, jaza hiyo kitu maji. Tunaenda Malaba. Utakaa mbele na mimi."

Kiti cha mbele kingetosha watu watatu. Odeke alimfungulia mkewe mlango, akampokea sufuria alipokuwa akipanda, akaichotea maji kwenye pipa la Owiti mpaka vidole viwili kutoka ukingoni, akamkabidhi, akafunga mlango. Yeye akapanda nyuma, juu ya matenga ya samaki wa kamongo ambayo Selpher alikuwa ameyapakia ya kuuza Malaba.

Baada ya Alupe barabara hunyooka. Hapo Selpher alitoa mikono yake yote miwili kwenye usukani, akaiweka magotini. Gari likaenda. Halikwenda kushoto wala kulia, lilishika njia yake kama ng'ombe anayerudi zizini.

"Maji yanasema nini?" aliuliza.

"Yanasema ushike usukani," Amongin alisema.

Selpher alicheka mpaka akalazimika kuushika kweli. Kule nyuma Odeke alisikia wanawake wawili wakicheka na hakujua wanacheka nini. Alikuwa ananuka samaki, shati la kanisani limeharibika. Jumatatu angemlipa mtu wa kuyabeba mabati kwenda kuyauza, na nyumba ingebaki na nyasi zake mvua zote mbili. Alifikiria hayo yote na bado kifua chake kilikuwa chepesi. Alikuwa akimwona mkewe kwa nyuma kupitia kile kidirisha, shingo imenyooka, na alijisikia mtu tajiri. Ndiyo, tajiri. Sitatafuta neno lingine.

Walipokaribia Malaba, Selpher aliuliza kama wapitie njia ya shuleni. Odeke alijibu kutoka nyuma kwamba hapana, barabara kubwa. Foleni ya trela ilikuwa ndefu siku ile, na kwenye kibanda cha chai hapakuwa na kiti kitupu. Habari zilikuwa zimewatangulia, maana Busia hakuna siri inayolala. Watu wakasimama na vikombe vyao.

"Fundi Sufuria!" mmoja aliita.

Odeke alisimama wima juu ya matenga, akapiga paa la gari mara mbili kwa kiganja. Selpher alitoa kichwa dirishani.

"Nini, fundi? Kuna kitu imeharibika?"

"Hakuna, mama. Punguza mwendo tu. Wacha watuone."